Kifuniko Kimoja kwa Kila Shimo

Cherehani yangu niliiuza Kibuye siku ya Jumapili, soko likiwa limefurika hadi barabarani, na kabla pesa zake hazijapata joto mkononi nilikuwa nimeshazigeuza gunia moja la mbolea. Aliyeinunua alikuwa mama mshonaji kutoka upande wa Mlima Kenya, mwenye kibanda chake cha mabati pale pale sokoni. Alizungusha gurudumu, akalisikiliza, akapitisha kipande cha marekani chini ya sindano, kisha akaniuliza kwa nini nauza mashine ambayo haina ugonjwa wowote.

“Nataka kununua mbolea,” nikamwambia.

“Mbolea? Na nyinyi si muko na ng'ombe?”

“Ng'ombe wako. Mimi nataka ile ya dukani.”

“Haiya! Kwani mbolea inavaliwa, mama?”

Akacheka, nami nikacheka kwa kuwa nilikuwa nimeshaamua, ingawa nilipomwona akiifunika mashine kwa leso yake niligeuza uso. Cherehani ile niliipata kwa jasho kabla sijaolewa, nikimshonea fundi mmoja wa Kihindi mjini Kisumu vifungo na mapindo mpaka macho yakauma. Katika boma zima ilikuwa mali pekee ambayo hakuna mtu angeweza kusema yeye ndiye aliyenipa. Niliporudi, meza yake ilibaki tupu karibu na dirisha. Mama mkwe aliingia, akaiangalia meza, akaniangalia mimi, akaomba chumvi na kutoka.

Lazima nieleze kwa nini mtu mwenye akili zake afanye hivyo. Ilikuwa miaka ya sabini, baada ya petroli kupanda bei na kila kitu kupanda nyuma yake, mbolea ikiwa mstari wa mbele. Mume wangu alikuwa karani wa mizani bandarini Kisumu, akipima magunia yanayoingia na kutoka melini. Mimi nilikaa kwa wazazi wake, ng'ambo ya Nyamasaria, katika ule uwanda wa udongo mweusi ambao wakati wa kiangazi hupasuka nyufa za kuingia mguu, na masika yakija hukwamisha hata ng'ombe. Shamba langu lilikuwa nyuma ya nyumba, likiteremka kuelekea mtaroni. Misimu miwili mfululizo lilinipa mahindi ya kuaibisha, majani ya njano na magunzi yenye punje za kubahatisha. Siku hizo mawakala wa miwa walikuwa wakipita boma kwa boma wakitafuta mashamba, na mume wangu akaanza kuwapa kiti.

“Nakupa msimu mmoja,” aliniambia. “Mahindi yakigoma tena, hili shamba linaingia miwa.”

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa mtu wa mizani, na kwake kitu kisichotimiza uzito kinarudishwa. Lakini mimi nilijua mambo ya miwa. Muwa hukaa ardhini karibu miaka miwili kabla haujatoa senti, na senti zenyewe zikija huja kwa jina la mwanamume. Ningebaki mke wa kusimama mlangoni kuomba unga. Jambo hilo nililiogopa kuliko nilivyoogopa njaa, na nalisema waziwazi kwa sababu wanawake wengi wa rika langu waliliogopa wakanyamaza.

Habari za mbolea nilizipata kwenye baraza la chifu. Bwana shamba alikuwa kijana kutoka upande wa Kakamega, asiyejua Kijaluo, kwa hiyo alitufundisha kwa Kiswahili. Alikuja na kikombe cha punje za kijivu na kifuniko cha chupa ya soda. Kifuniko alikiinua juu ili hata waliokaa nyuma wakione.

“Mama zangu, hii ndiyo kipimo,” alisema. “Kifuniko moja, shimo moja. Usiongeze, usipunguze. Ukishaweka, funika na udongo kidogo, halafu ndiyo uweke mbegu. Hii kitu ni kali. Ikigusa mbegu, inachoma.”

Wanawake walicheka. Sisi tulikuwa watu wa kupima chumvi kwa kiganja na unga kwa jicho, na hapa kijana mwenye kaptura iliyopigwa pasi anatwambia tulishe shamba zima kwa kifuniko cha soda. Mimi niliinua mkono, maana tangu utotoni nimekuwa na ugonjwa wa kuuliza.

“Bwana shamba, kama ni chakula, mbona inachoma?”

“Mama, hata chai ni chakula. Lakini ukimmwagia mtoto?”

“Na inajuaje iende kwa mahindi, isiende kwa magugu?”

“Haijui. Ndiyo maana unaiweka karibu na mahindi. Ukirusha ovyo, umelisha magugu na pesa yako.”

Jibu hilo lilinikaa kichwani njia nzima. Nilishangaa kwamba kitu ghali kiasi kile hakikujua kinakokwenda, kwamba ujuzi wote ulitakiwa utoke kwangu na kwa kifuniko. Samadi ya ng'ombe haikuwahi kunidai hivyo. Samadi unaimwaga, unaondoka, na ikikosea kidogo hakuna anayeumia.

Gunia lilifika nyumbani juu ya basi, kisha juu ya baiskeli ya jirani. Bwana shamba alikuwa amesema lisifunguliwe mpaka siku ya kupanda. Nililifungua jioni ile ile. Nilitaka kuona cherehani yangu imegeuka nini. Nilichota punje kiganjani, nikazinusa, nikaweka moja kwenye ulimi. Ilikuwa chungu na kali, ikanikausha mdomo, nikatema mpaka mate yakaisha. Hata hapo udadisi haukutulia. Kando ya jiko la mama mkwe kulikuwa na boga lililotambaa vizuri, majani yake ndiyo yaliyokuwa mboga yetu ya kila siku, nikalipa zawadi ya konzi nzima ya mbolea shinani. Niliamini litatufunika na nyumba zetu. Baada ya siku chache lilikuwa limenyauka, majani yamekauka kingoni kana kwamba moto umepita.

Mama mkwe alilishika shina lile, akalivunja, akasikia lilivyokatika.

“Umelifanya nini boga langu?”

“Nimelilisha, Mama.”

“Umelilisha likafa?”

Nilipata aibu, lakini nilijifunza kitu ambacho maneno ya barazani hayakunifundisha. Nilielewa kifuniko ni cha nini. Tangu hapo nilikiweka ndani ya kikombe changu cha chai, kabatini, ili kisipotee.

Mvua zikaanza, na hapo ndipo desturi yetu ilipokutana na gunia langu. Kwetu Waluo mbegu haiingii ardhini ovyo. Mama wa boma ndiye hupanda wa kwanza, baada yake mke wa mwana mkubwa, kisha mke wa anayefuata. Na mke hafungui shamba mumewe akiwa safarini, sharti mume awe amelala nyumbani usiku wa kuamkia kupanda. Tunaita golo kodhi, yaani kuitoa mbegu. Ndiyo sababu masika yakikaribia mabasi yalijaa wanaume wazima wanaorudi nyumbani kwa ajili ya mahindi, na wakubwa wao wa kazi hawakuelewa kamwe ni ruhusa ya nini.

Mama mkwe alipanda shamba lake vizuri, baba mkwe akiwepo. Aliyefuata alikuwa nyieka, mke wa kaka mkubwa wa mume wangu. Wake wa ndugu huitana hivyo kwetu, nyieka, kama wake wenza. Mumewe alifanya kazi kwenye chai huko Kericho. Aliahidi kuja, kisha akatuma neno kwa kondakta wa basi kwamba nyapara amemnyima ruhusa mpaka mwisho wa mwezi. Kwa hiyo nyieka alikaa, na mimi nyuma yake nikakaa. Mume wangu mwenyewe alikuwa karibu, Kisumu tu, lakini ukaribu wake haukunisaidia chochote.

Gunia halikujua foleni ya watu. Hewa ya masika ililiingia kupitia pale nilipolifungua, punje zikaanza kutoa jasho na kushikana. Kila asubuhi nilitia mkono nikakuta mabonge makubwa zaidi ya jana. Niliona cherehani yangu inageuka jiwe ndani ya nyumba yangu, na sina ruhusa ya kugusa ardhi.

Ndipo swali likanijia, nikalipeleka jikoni kwa mama mkwe alipokuwa akichambua maharagwe. Nyumbani tulizungumza Kijaluo, naandika hapa jinsi ninavyoyakumbuka maneno yenyewe.

“Mama, nikichimba mashimo, nikatia mbolea peke yake, nikafunika, nimepanda?”

Mikono yake ilisimama. “Bila mbegu?”

“Bila mbegu. Mbegu itangoja shemeji arudi.”

Nilimwona akiligeuza swali kama alivyogeuza maharagwe, na nadhani lilimfurahisha, kwa sababu hakuna aliyewahi kumuuliza kitu kama hicho. Mbolea hii ilikuwa ngeni, na desturi haikuwa na jibu lililo tayari.

“Samadi huwekwa kabla ya kupanda na hakuna anayekatazwa,” alisema mwishowe. “Mbegu ni kitu kinachoota. Hiki chako kimeniulia boga, hakiwezi kuwa mbegu. Kiweke.”

Nilichukua kamba ya katani, nikaipiga mafundo kwa nafasi sawasawa, nikaifunga kwenye vigingi viwili. Nyieka alishika upande mmoja. Tulianzia juu karibu na nyumba, mstari baada ya mstari, tukihamisha vigingi kila tulipomaliza. Kwenye kila fundo nilichimba, nikaponda bonge, nikajaza kifuniko, nikakisawazisha kwa kidole, nikamimina, nikafunika udongo kiasi cha kidole. Magoti yalichubuka na udongo ule mweusi ulinishika hadi viwikoni. Nyieka alichoka mapema akataka tutumie konzi. Nikamkumbusha boga. Gunia liliishia mstari wa mwisho kabisa, kikabaki kiasi kidogo cha vumbi, na nililala siku hiyo nikiwa na amani ambayo sikuwa nayo tangu Kibuye.

Kisha mvua kubwa ikashuka. Mto ulimwagika juu huko, mtaro wetu ukajaa na kurudisha maji shambani, yakasimama yakitazama mlango wangu. Yalipoondoka, shamba lilikuwa limelainika kama ugali uliosawazishwa kwa mwiko. Hapakuwa na shimo hata moja, hapakuwa na alama. Mashimo yote niliyoyachimba kwa kamba yalikuwa yamejifunga, na kila moja lilikuwa na kifuniko chake kimoja cha mbolea ndani, sawasawa kabisa, mahali nisipopajua.

Nilirudisha kamba. Lakini vigingi nilikuwa nimeving'oa kila mstari, na ukikosea mwanzo kwa upana wa mguu, mafundo yote yanakosea nawe. Nilichimba kwa vidole nikitafuta punje. Zilikuwa zimeyeyuka. Nilichimba mahali pengine, nikanusa udongo kama mbwa, nikaonja, udongo ukawa udongo tu. Maneno ya bwana shamba yakanirudia yakinichoma: haijui. Sasa hata mimi sikujua. Niliketi katikati ya shamba nikalia, tena kwa sauti, na majirani waliopita njiani walidhani tumefiwa.

Na shemeji bado hakuja. Mwisho wa mwezi ulifika, basi lake likakwama Sondu barabara ilipokatwa na maji, akarudi Kericho kungoja. Mume wangu alikuja Jumamosi, akasimama kwenye ukingo wa shamba tupu. Nilijua anapima.

Asubuhi moja nilitoka kumwaga majivu. Jua lilikuwa bado chini, linapiga shamba kwa upande, na shamba lote lilikuwa limeanza kuota magugu, ukijani hafifu wa kawaida. Lakini ndani ya ukijani ule niliona vitone. Vilikuwa vishungi vya magugu, vyeusi kwa ukijani, vimenenepa kuliko wenzake, na vilikaa kwa mstari. Nilihama hatua moja kulia nikatazama tena. Mstari mwingine. Nikarudi kushoto. Vitone vilishuka hadi mtaroni, nafasi kwa nafasi, fundo kwa fundo, kamba yangu yote imechorwa upya ardhini.

“Mama!” nikapiga kelele. “Mama, njoo uone!”

Alitoka na kijiko mkononi. Alitazama muda mrefu kuliko nilivyotazama mimi. Kisha aliingia shambani taratibu, akainama kwenye shungi moja, akalipapasa, akaenda kwa la pili, la tatu, kama mtu anayewasalimu watoto wa jirani.

“Kumbe shimo liko hapa,” alisema. “Na hapa. Na hapa.”

Nilisahau miwa kwa muda. Nilijiuliza jinsi mbegu ya gugu, isiyonunuliwa na mtu, ilivyokuwa imelala pale pale juu ya kifuniko changu, ikapata chakula ambacho sikuiandalia, ikanionyesha njia. Nilikuwa nimelisha magugu na pesa yangu kama nilivyoonywa, na magugu ndiyo yaliyokuwa yananirudishia habari.

Bila shaka shamba lile liligeuka sinema. Wanawake waendao mtoni walisimama. “Mke wa karani amepanda magugu kwa mstari!” walisema, na wengine wakauliza kama nitayapalilia au nitayavuna. Niliwajibu nitawauzia mbegu. Sikuthubutu kung'oa hata jani moja kabla ya siku ya kupanda. Nililinda magugu yangu dhidi ya mbuzi na kuku kama mtu anavyolinda mpunga dhidi ya ndege.

Kuku na mbuzi niliwaweza. Nyieka sikumfikiria. Siku moja nilikwenda Nyamasaria kwenye mashine ya kusaga, na niliporudi na unga kichwani nilisikia majembe. Alikuwa amewakusanya wanawake wenzake wawili, wameanzia chini mtaroni, wanalima kwa nguvu ya watu wenye nia njema. Sehemu nzuri ya shamba, ile ya bondeni, ilikuwa safi kabisa, nyeusi, magugu yamepinduliwa mizizi juu.

“Simameni!” Unga ulikaribia kunianguka. “Umenifutia! Umenifutia kila kitu!”

Nyieka aliliweka jembe chini. “Watu wanakucheka kwa sababu yetu,” alisema. “Mume wangu ndiye amechelewa, wewe unaaibika. Nilitaka ukirudi ukute shamba safi.”

Wale wawili walichukua majembe yao wakaondoka. Nilimshika mkono nikamvuta hadi upande wa juu, nikamwonyesha vitone, nikamwambia kila kimoja ni nini. Alikuwa ameviona kila siku akidhani ni ubishi wangu tu. Aliweka mkono mdomoni, machozi yakamtoka, na hasira yangu ikakosa mahali pa kukaa. Alikuwa amefanya wema, na nilikuwa naumia, na yote mawili yalikuwa kweli.

Hatimaye shemeji aliwasili, viatu vyake vikiwa na matope ya Sondu hadi kwenye kamba. Nyieka akafungua shamba lake. Mume wangu akaja kutoka mjini, na asubuhi yake nami nikapanda. Upande wa juu nilipiga goti kwenye kila shungi, nikachimba kando yake upana wa vidole viwili, nikatia mbegu mbili, kisha ndipo nikaling'oa shungi lenyewe kwa mkono. Upande wa bondeni niliinyoosha kamba na kuomba Mungu.

Mahindi yalipofika magotini, mtu yeyote angeweza kuona. Juu yalisimama ya kijani kizito, sawasawa, kama askari wa gwaride. Bondeni yalikuwa fujo. Hapa shina moja refu lililobahatisha kifuniko, pembeni yake matano ya njano ambayo chakula chake kilikuwa mkono mmoja tu kutoka kwake, yasikifikie. Hayo ya njano yalinitia huzuni ya ajabu. Nilipita kati yake nikijua kwamba chakula chake kimo, kimelipiwa, kimepimwa.

Mume wangu alitembea shambani mikono ikiwa nyuma.

“Mbegu ni moja?” aliuliza.

“Ni moja.”

“Siku ya kupanda?”

“Moja.”

“Na mbolea? Huku uliweka nyingi?”

“Kifuniko kimoja kila shimo, juu na chini. Huku nilijua iko wapi. Kule sikujua.”

Alirudi bondeni, akachimba kwa ncha ya kiatu kati ya mashina mawili ya njano, akatazama kana kwamba angeiona. Wakati wa mavuno aliazima mizani ya ndoano akapima mwenyewe, upande kwa upande, akitikisa kichwa. Mizani ilisema alichotaka kusikia kutoka kwa kitu kingine isipokuwa mdomo wangu. Upande wa juu pekee ulizidi misimu yetu miwili ya nyuma. Wakala wa miwa alipopita tena, mume wangu aliongea naye akiwa amesimama, hakumpa kiti.

Tuliweka chakula cha nyumba, na mahindi yaliyobaki nikauza. Pesa ile ilitosha cherehani au ilitosha gunia. Haikutosha vyote viwili. Nilikwenda Kibuye, na ingawa njia ya duka la mbolea haipiti kwa mshonaji, nilipita.

“Umerudia mashine yako?” aliniuliza. “Iko tu. Weka mkono uone.”

Niliweka. Aliitunza, mafuta yalikuwa safi, gurudumu lilizunguka bila kulalamika na sindano ikapanda na kushuka. Nilisimama pale nikiizungusha hewani, bila kitambaa chini yake.

“Nimekuja kwa mbolea,” nikasema.

“Haiya! Wewe umeolewa na mbolea, mama.”

Nilicheka naye tena. Safari hii sikugeuza uso, lakini iliniuma zaidi, kwa sababu mara ya kwanza nilikuwa naamini nitairudia.

Masika mengine yalikaribia. Shemeji, kwa aibu ya mwaka uliopita, alikuja mapema mno akawa anatuchosha kwa kukaa. Jioni ya kuamkia kupanda, mume wangu akiwa ameshawasili kutoka mjini, mama mkwe aliingia nyumbani kwangu akaketi karibu na ile meza tupu.

“Mwaka jana nilikosea,” alisema. “Nilikwambia mbolea yako si mbegu kwa sababu haioti. Na mimi kwa macho yangu niliiona imeota, tena kwa mstari. Kwa hiyo ni mbegu. Na mbegu katika boma hili huanza na mimi, kisha na nyieka wako.”

Hesabu yangu ilikuwa ya shamba moja. Mashamba matatu yangetaka nigawe kifuniko mara tatu, na nilikuwa nimeshaona mahindi yanayokosa chakula chake yanakuwaje. Nilifikiria miwa. Nilifikiria gurudumu lile likizunguka hewani. Lakini mama mkwe hajibiwi, na kusema kweli hoja yake haikuwa na pengo, nami ndiye niliyemwita aje aone.

Asubuhi nililibeba gunia hadi shambani kwake, nikalifungua mbele yake, nikampa kifuniko. Alichimba shimo. Alijaza, akasawazisha kwa kidole kimoja, vilevile kabisa ninavyofanya mimi, na nikatambua kwamba mwaka jana alikuwa akinitazama. Alimimina, akafunika udongo kiasi cha kidole, akatia mbegu mbili, akafunika tena. Mimi nilikuwa nimeshainama kuchimba shimo la pili. Nilipoinua mkono kupokea jembe, alikitia kifuniko kiganjani mwangu.

“Imetosha,” alisema.

“Na mengine yote, Mama?”

“Mengine nina samadi.” Alijifuta mikono kwenye leso yake, akalitazama gunia. “Shamba langu lina samadi ndani yake. Lako lina cherehani.”

Niliinama nikajifanya nafunga mdomo wa gunia, mpaka machozi yalipokatika. Kisha nyieka akaja, akachukua kifuniko kimoja, shimo moja, akanirudishia. Nikajitwisha gunia, nikaenda kupanda.